Komeo Jipya, Kifua cha Baba

Mkono wa kulia wa Mzee Alphonse ulitetemeka, na Komanda Darius akauona.

Hapo ndipo nilipowaachia hadithi juma lililopita, na baadhi yenu mkanilaani barabarani kana kwamba mimi ndiye niliyeshika bunduki. Haya, pozeni hasira. Leo naendelea palepale, na sitawapunguzia uchungu hata kidogo.

Kwa aliyechelewa: tuko Baraka, kando ya ziwa, mwaka 1999, vita vya pili vimepamba moto. Alphonse Wilondja ni fundi wa bunduki za wawindaji. Darius ni mkubwa wa kikundi cha wapiganaji wa mayi-mayi walioshuka kutoka milima ya Fizi. Mezani, kati yao wawili, imelala bunduki ya pampu ya Darius, ile ambayo watu wa huku huiita kalibre duze. Siku za nyuma Alphonse aliitengenezea komeo la usalama, lile wenyewe wanaloliita sirete. Kisha siku moja, komeo likiwa limefungwa, bunduki ikafyatuka yenyewe na kuupasua mguu wa Henri, mdogo wake Darius wa tumbo moja.

Hukumu ya Darius ilikuwa fupi. Fundi atoe komeo la zamani na kuweka jipya. Bunduki itiwe risasi, komeo lifungwe, mdomo wa bunduki uwekwe kwenye kifua cha fundi mwenyewe, na Darius avute kwa nguvu zake zote. Kazi ikiwa nzuri, mzee atakula chakula cha mchana. Ikiwa mbaya, hatakula tena.

Na mnakumbuka siri ya nyumba ile. Mkono wa kulia wa Alphonse ulipooza nusu tangu vita vya kwanza, ukabaki wa kutetemeka tu. Kazi zote zilifanywa na binti yake Émilienne, nyuma ya turubai la plastiki lililogawa kiwanda. Dawa ya kina Darius, ile ya kuwakinga na risasi, nayo ilikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote: silaha ikiguswa na mwanamke imekufa, na anayeibeba ni maiti anayetembea.

"Juu ya nini mukono inatetemeka?" Darius aliuliza.

"Iko malaria, Komanda."

"Malaria inashika mukono moja tu?"

Wapiganaji wake wakacheka. Hakikuwa kicheko cha watu wema.

"Malaria ya muzee inashika fasi inapenda," Alphonse akajibu.

Darius hakucheka. Akaisukuma bunduki mbele kwa kidole. "Tengeneza. Hapa hapa, mbele ya macho yangu."

Msomaji, hapo maji yalizidi unga. Mkono ule usingeweza kushika hata kijiko cha chai, sembuse bisibisi. Nyuma ya turubai Émilienne alisimama na ndoo ya makaa mkononi, akisikiliza.

"Apana," Alphonse akasema.

"Unasema nini?"

"Nasema apana. Kwa kiwanda ya babu zangu, chuma ikifunguliwa, muntu wa inje haiangalii. Ukitaka kuvunja mila ya wafua chuma, uvunje. Lakini usinililie kesho."

"Mi si muntu wa inje. Mi ni komanda."

"Moto haijue komanda."

Mpiganaji mmoja akainua kitako cha bunduki ampige mzee kinywani. Darius akamzuia kwa jicho. Alikuwa mkatili, lakini alikuwa mtoto wa Kibembe, na mila ya wafua chuma alitishwa nayo tangu alipokuwa ananyonya.

Ndipo akajitokeza Dokta Patrice. Msidhani ni daktari wa sindano. Huyu ndiye aliyewaogesha wapiganaji maji ya dawa kila asubuhi, wao pamoja na bunduki zao, na kibuyu chake hakikumtoka kiunoni hata akienda haja.

"Komanda, bote batoke, mi nitabaki ndani," alisema. "Huyu muzee amenunuliwa na adui. Nataka kuona uchawi anatia."

"Bakia, Dokta," Alphonse akasema haraka, tena kwa upole. "Bakia kabisa. Lakini uniambie kwanza: ile dawa uko nayo mwilini, ilishaonyeshwa moto ya chuma?"

Patrice akakunja uso. "Juu ya nini?"

"Juu chuma ikifunguka iko na kiu. Inakunywa. Jirani yangu moja alibakia hapo hapo umesimama, na dawa yake nguvu sana. Alitoka hapa amekauka. Kesho yake risasi ilimupata kule Lweba, na wenzake bote bakarudia bazima."

Uongo mtupu! Hakukuwa na jirani, wala kiu ya chuma. Lakini Patrice aliutazama moto wa makaa, akakitazama kibuyu chake, na miguu yake ikarudi nyuma kabla mdomo haujapata sababu. Mganga wa watu aliogopa uganga asioufundishwa. Nilicheka sana nilipoandika hapa, ingawa si pa kucheka.

"Nitachunga kwa mulango," akasema.

Darius akamsogelea Alphonse mpaka pua zikakaribiana. "Jua ikifika kichwani, ninakuja. Na usikimbie kwa nyuma. Henri atakaa pale."

Henri aliketi kwenye gogo chini ya paa la nje, kule nyuma, mguu umefungwa vitambaa, fimbo kando, bunduki yake ya vita mapajani. Alikuwa kijana mwenye sura nzuri iliyoharibiwa na maumivu.

"Muzee," akasema bila kuinua sauti, "mi nilitaka kukukata muguu kwanza, wa kuume kama wangu. Kaka alisema ningoje. Nangoja."

Alphonse akaichukua bunduki kwa mkono wa kushoto, akapita nyuma ya turubai. Émilienne akaipokea kabla haijaanguka.

"Umesikia?" baba akanong'ona.

"Nimesikia."

"Basi fanya kazi muzuri."

"Kwa Darius?" Macho ya Émilienne yalikuwa mekundu, na si kwa moshi. "Papa, huyu njo yeye alitwaa Nicolas abebe masanduku ya risasi mpaka milimani. Bwana yangu hakurudia. Hata nguo yake haikurudia. Na we unasema nimufanyie kazi muzuri?"

"Apana kwa Darius. Kifua ni yangu."

Émilienne alimpenda baba yake, na alimchukia kwa wakati huo huo kwa kuwa alisema kweli. Akaketi kwenye kigoda, akapanga vyombo juu ya gunia, akaanza kuifungua bunduki.

Kazi yenyewe haikuwa ya miujiza. Komeo la kalibre duze ni kitufe cha chuma kinachopita ubavu hadi ubavu, nyuma ya kifyatulio. Kisukume huku, bunduki imefungwa. Kisukume kule, imefunguka. Kinashikiliwa mahali pake na springi ndogo na goroli moja dogo kama punje ya mtama. Kitufe kikizama chote, hata tembo akivuta kifyatulio, bunduki hailii.

Kitufe cha zamani kiligoma kutoka. Akakigonga, akakizungusha, akakivuta kwa koleo. Kilipotoka, Émilienne akachungulia tundu lake.

"Papa, kuja uangalie."

Tundu lilikuwa limejaa uchafu wa kijivu, mgumu kama uji wa muhogo uliokauka sufuriani. Akaukwangua kwa msumari, akaumwaga kiganjani. Majivu. Utomvu wa majani. Na mchanga mweupe wa ziwani, unaong'aa.

Baba na binti wakatazamana.

Mchanga ule haukutoka kwa fundi, wala kwa adui. Ulitoka kwenye kibuyu. Kila asubuhi Dokta Patrice aliimwagia bunduki maji ya dawa, na dawa ile haikuwa dawa bila majivu na mchanga wa ziwa. Kila asubuhi punje chache zilibaki ndani. Kitufe kikawa hakizami chote. Mwenye bunduki anaona amefunga, kumbe kitufe kimesimama katikati ya njia. Ndivyo Henri alivyopata mguu wa kuburuta.

"Kazi yetu haikukosa kitu," Émilienne akasema, na sauti ikaanza kupanda. "Ni dawa yao! Dawa yao njo ilimupiga Henri! Nitatoka niwaonyeshe."

Alphonse akamziba mdomo kwa mkono wa kushoto.

"Ukisema dawa njo ilimupiga ndugu ya Komanda, tunakufa wote wawili mbele ya jua kufika. Na Dokta njo atatuchinja na mikono yake. Meza hiyo neno."

"Nani atasema kweli basi?"

"Leo? Hakuna. Leo tunatafuta kuishi."

Émilienne akameza, lakini neno lile lilimkaba kama mwiba wa samaki.

Komeo la zamani lilikuwa limekwisha, kingo zake zimelika. Jipya lilitoka kwenye mzoga wa bunduki ya aina ileile, ya mzungu mmoja wa zamani aliyenunua pamba, ambayo ilizama ziwani na kuvuliwa na nyavu za ndagala, dagaa wa huku. Alphonse alivihifadhi vipande vyake ndani ya kopo la mafuta ya gari. Kitufe kikapatikana kizima, ila kilizidi urefu kidogo. Émilienne akachukua tupa.

"Muzee!" Henri akaita kutoka nje. "Nasikia tupa, sisikie we. Umelala?"

Alphonse akajua kosa. Fundi anayepiga tupa hupumua kwa nguvu, hukohoa, hutukana chuma. Basi akasimama kando ya binti yake na kuanza kukohoa, kuguna na kutukana, huku mwenzake akifanya kazi. "Chuma ya shetani! Geuka! Nimesema geuka!" Ungekuwa mlangoni ungeapa mzee anatoka jasho. Na kweli jasho lilimtoka.

Émilienne alipima, akapiga tupa, akapima tena. Wakati mmoja mikono yake ikasimama. Angeweza kuharibu. Angeweza kutengeneza komeo linaloshika leo na kuachia kesho, bunduki imlipukie Darius usoni huko milimani alikompoteza Nicolas. Kwa mara ya kwanza maishani alitamani kazi mbaya, na aliitamani kwa moyo wote. Kisha akamwona baba yake akikohoa kikohozi cha uongo, shati limemganda kifuani, akaendelea na tupa.

Kitufe kikaingia. Springi ikaingia. Akachukua goroli kwa ncha ya kisu, akalielekeza kwenye tundu lake, na springi ikalirusha.

Tii! Likapotea.

"Papa, goroli!"

"Liko wapi?"

"Nitajua wapi? Limeruka!"

Wakaanguka chini wote wawili. Sakafu ilikuwa udongo, vumbi la makaa na chenga za chuma za miaka. Kutafuta goroli pale ni kutafuta chawa kwenye manyoya ya kondoo. Na balaa haiji peke yake, kwani sauti ya Darius ikasikika mlangoni. Jua lilikuwa bado halijafika kichwani.

"Nimechoka kungoja!"

"Bado, Komanda!" Alphonse akaruka hadi kwenye ukingo wa turubai, akalishika kwa mgongo. "Chuma ingali wazi!"

"Funga basi."

"Ukiingia sasa, hii kiu nilisema itakupata we wa kwanza!"

"Muzee, unanichezea?"

"Ningekuwa nakuchezea, ningekimbia tangu asubui!"

Nyuma yake Émilienne alikwisha kurukia kona. Alinyakua spika ya redio mbovu, akaing'oa sumaku yake kwa ukucha na kisu, akaifunga kitambaa, akaanza kuipitisha sakafuni kama mtu anayepiga pasi. Ikakusanya chenga. Ikakusanya misumari. Akapangusa, akarudia. Chini ya fuawe, palipo na giza, kitu kikagonga sumaku kwa sauti ndogo.

Goroli.

Akalibusu, vumbi na yote. Safari hii akalisukuma kwa dole gumba mpaka ngozi ikachanika. Likakaa. Akafunga bunduki, akasukuma komeo, akavuta kifyatulio kwa vidole viwili. Haikulia. Akasimama, akaiegemeza bunduki ukutani, akavuta kama anayeng'oa jino la ng'ombe. Haikulia.

"Papa," akanong'ona. "Imeisha."

Alphonse hakuuliza kama ana hakika. Alipangusa alama za vidole vya binti yake kwa shati, akatoka na bunduki.

Émilienne akazunguka kwa mlango wa jikoni na ndoo yake ya makaa, akasimama kati ya wanawake waliotoka sokoni. Watu walikuwa wengi. Habari ya kifo haihitaji mpiga mbiu.

Darius akajaza risasi, akavuta pampu, na sauti yake ikawanyamazisha hata watoto waliolia mgongoni. Akasukuma komeo. Alphonse akafungua vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto.

"Uko na neno ya mwisho?" Darius aliuliza.

"Iko tu ya kusema uvute haraka. Ndagala yangu inapoa."

Watu wakashangaa. Mzee alikuwa anatabasamu! Aliijua mikono iliyofanya kazi ile. Darius akaweka mdomo wa bunduki kifuani pake.

"Ngojeni!"

Alikuwa Dokta Patrice.

"Komanda, bunduki imetoka kwa mukono ya mwingine. Haijaoga. Ukivuta hivi, laana yake inarudia kwako."

"Fanya haraka."

Patrice akafungua kibuyu. Akaimwagia bunduki tangu mtutu hadi kitako, akisema maneno yake. Kisha, kwa kuwa alitaka watu waone anajua kazi, akasema dawa lazima ifike mpaka moyoni, akaanza kukisukuma kile kitufe kipya. Huku na kule, huku na kule. Maji ya kijivu yakaingia upande mmoja na kutoka upande wa pili. Akakisukuma mara ya mwisho upande wa kufunga, akamrudishia Darius bunduki.

"Sasa iko safi."

Kitufe hakikuzama chote.

Mtu mwingine asingeona. Émilienne aliona, kwa kuwa alishinda asubuhi nzima amekikodolea macho. Alphonse naye aliona, na tabasamu likamwishia. Akamtafuta binti yake kwa macho kati ya wale wanawake, akatikisa kichwa polepole. Usije. Kaa hapo. Usije.

Darius akaiweka bunduki kifuani na kukaza mkono.

Émilienne aliitupa ndoo. Alipita kati ya wapiganaji wawili kabla hawajageuka, akaudaka mtutu kwa mikono yote miwili, akausukuma juu.

Bunduki ikalia.

Mabati ya kiwanda yakapigwa na njugu za risasi, ndege wakaruka, wanawake wakalala chini. Alphonse alibaki wima, shati wazi, kifua kizima. Moshi ukapungua. Watu wote walikuwa wanaangalia mikono ya Émilienne, ambayo ilikuwa bado imeshika mtutu.

"Mwanamuke ameigusa!" Patrice akapiga kelele.

Darius akaiachia bunduki kama mtu aliyeshika kaa la moto. Ikaanguka vumbini. Halafu akageuka kwa Alphonse, na uso wake ulikuwa umefurahi kwa namna mbaya kabisa.

"Bote mumeona? Sirete ilikuwa imefungwa. Na imelia! Fundi anajihukumu yeye mwenyewe."

Wapiganaji wakaunguruma. Jamani, mnaona mambo? Émilienne alimwokoa baba yake na mlio, na mlio uleule ukawa ushahidi wa kumwua. Wawili walikwisha kumkamata Alphonse mabega na kumpigisha magoti.

Émilienne akainama, akaiokota bunduki. Hakuna aliyemzuia, kwa kuwa hakuna aliyetaka kugusa alichogusa yeye. Akasukuma kitufe nusu, akapitisha kidole chake kilichochanika, akakiinua juu.

"Muchanga," akasema. "Angalieni. Muchanga ya ziwa. Imetoka kwa hii kibuyu, sasa hivi, mbele yenu bote. Njo ilizuia sirete. Na njo ilizuia ile siku ya Henri."

"Anatukana dawa!" Patrice akafoka. "Mwanamuke atajua nini ya bunduki?"

"Émilienne, nyamaza," Alphonse alisema kutoka pale chini.

"Nimenyamaza sana, Papa."

"Mutoto wangu, nakuomba."

Lakini lile neno alilomezeshwa asubuhi lilikuwa limepanda, na halikushuka tena.

"Mi njo nilitengeneza hii," akasema. "Na mara ya kwanza ni mi. Mukono ya Papa ilikufa zamani. Mi njo fundi. Na si hii tu." Akanyoosha kidole kwa mpiganaji aliyemshika baba yake. "Ile unabeba, springi yake niliweka mi. We, hicho kitako nilipigilia mi, na ulikuja kusema aksanti kwa Papa. Na we. Na we kule. Zote zilipita kwa mikono yangu. Mulipiga vita zote na bunduki ya mwanamuke, na muko bazima!"

Mpiganaji wa kwanza akaitazama bunduki yake. Akaitua chini taratibu, akajipangusa mikono kwenye suruali, akajipangusa tena. Wa pili akaitupa. Kisha wenzao, mmoja baada ya mwingine, na wengine walikuwa wanalia waziwazi kama watu waliopewa habari ya msiba. Wavulana hawa waliingia kwenye risasi vifua wazi kwa kuamini jambo moja, na jambo lenyewe sasa lilikuwa vumbini miguuni pao. Mimi niliwachukia tangu sehemu ya kwanza ya hadithi hii, lakini hapo niliwahurumia.

Ndipo milio ikasikika kutoka upande wa mto Mutambala.

Kwanza mmoja mmoja, kisha mfululizo. Watu wa soko wakatawanyika, masufuria yakabaki.

"Adui amevuka muto!" mtu akapiga kelele.

"Kamata bunduki!" Darius akaamuru. Hakuna aliyeinama. "Nimesema kamata!"

"Zimekufa, Komanda," Patrice akasema, midomo mikavu. "Ni sheria. We mwenyewe uliwafundisha."

Darius akawatazama watu wake mmoja mmoja. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyetarajia. Akaipokonya kalibre duze mikononi mwa Émilienne, bunduki ya mwanamke na yote, akavuta pampu, akaichomeka chini ya kidevu cha Alphonse.

"Sema ni bongo, umedanganya," akamwambia Émilienne. "Sema mbele yao bote, hukugusa hata moja. Batachukua bunduki, batapigana, na baba yako anaishi. Ukikataa, anaanza yeye."

Émilienne akamwangalia baba yake. Kweli ilimgharimu sana kuisema, na sasa alikuwa tayari kuila kama matapishi, mbele ya Baraka nzima, alimradi mzee yule ainuke pale chini.

"Ni..." akaanza.

"Usiseme!"

Alikuwa Henri, aliyetoka kule nyuma akichechemea. Amesimama kwa fimbo, uso umejaa jasho la maumivu. Yeye peke yake hakutupa bunduki.

"Usiseme, dada. Mi nilipiga vita ya Lweba na hii. Ilikuwa ya mwanamuke, na risasi ya adui haikunipata. Kwa mwili yangu kumeingia risasi moja tu, na ilitoka kwa bunduki yako, kaka. Ile ilioga kila asubui." Akainua bunduki yake, na haikuelekea Mutambala. Ilielekea kifua cha Darius. "Tosha hiyo kitu, itoe kwa shingo ya muzee."

"Henri, we ni damu yangu."

"Damu yangu iko kwa hizi bitambaa. Tosha."

Milio ilikaribia. Mpiganaji mmoja akainama na kuiokota bunduki yake, kisha mwingine, huku wakimtazama Henri. Darius aliona jinsi watu wake walivyokuwa wanamtoka. Akapumua kwa nguvu, akalegeza mabega, hata akatabasamu.

"Sawa, ndugu yangu. Hatutapigana sisi kwa sisi na adui kwa mulango. Angalia, nafunga sirete."

Akakisukuma kitufe kwa dole gumba, mbele ya watu wote. Henri akashusha bunduki. Patrice akashusha pumzi. Hata Alphonse, ambaye hakuweza kuona chochote chini ya kidevu chake, alifumba macho kwa shukrani.

Émilienne peke yake ndiye aliyejua kwamba mchanga ulikuwa bado ndani.

"Apana!" akapiga kelele. "Haijafunga! Darius, tosha kidole! Tosha ki..."

Bomu la kwanza likaanguka nyuma ya soko. Ardhi ikatikisika, watu wote wakashtuka, na Darius naye akashtuka, kidole kikiwa palepale kwenye kifyatulio. Kama ililia au haikulia, mtajua juma lijalo.